Mheshimiwa Aligoma Kula

"Hivi wewe Vidole, huogopi kulala nyumba moja na yule mdudu?"

Jirani muuza mkaa ndiye aliyemuuliza hivyo siku moja, amesimama kwenye kizingiti cha saluni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, tayari kwa lolote.

Vidole hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka. "Namwogopa," alisema. "Lakini ninavyomwogopa baba mkwe akikaa kimya, huyo mdudu ni cha mtoto."

Jina la Vidole alipewa na wateja wake. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi, na mtu aliweza kukaa chini yake akasinzia, akaja kuamka kichwa kimekwisha. Sebule yake ndiyo iliyokuwa saluni: kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili, benchi la wanaosubiri, na rafu ya mafuta ya nywele. Alikuwa mwanamke mcha Mungu, mpole, asiyependa maneno ya watu. Kama alikuwa na kiburi cha kitu chochote, basi ni usafi. Alizoea kusema kwamba nywele na vumbi vikikutana ni ugomvi usio na mwamuzi. Kwa ajili hiyo mume wake, dereva wa lori la safari ndefu, alikuwa amemsakafia nyumba nzima, ndani na nje, ukumbi, uani, hadi chini ya kamba za nguo. Hata vyungu vyake vya maua alivifunika kokoto juu ili udongo usionekane. Ukidondosha punje ya wali uani kwake, waweza kuiokota na kuila bila hata kuipuliza.

Sasa katika nyumba kama hiyo, mdudu wa nini?

Ilianza pale mama mkwe alipofariki. Baba mkwe, mzee aliyekuwa fundi saa maisha yake yote, aliletwa akae kwa mwanawe. Alikuja na sanduku moja la nguo na mkebe wa vifaa vyake vya kazi, akapewa chumba cha nyuma, akalala akiugeukia ukuta. Hakuwa mkorofi. Ukimsalimu anaitika. Ukimpelekea chakula anasema ahsante mama, kisha sahani inarudi kama ilivyokwenda, imepunguzwa kidogo pembeni kwa heshima tu. Vidole alipika hiki, akapika kile, akapunguza chumvi, akaongeza, akamwomba Mungu juu ya sufuria. Mzee akawa anayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Mume akipiga simu kutoka njiani kuuliza, "Baba anaendeleaje?" Vidole hujibu, "Tunaye," kwa sababu hakupenda kusema uongo, na ukweli wenyewe ulikuwa hausemeki.

Siku moja akambembeleza mzee amsindikize hadi zahanati, si kwa ugonjwa, bali ili miguu yake ipate kazi. Kurudi, mzee akabaki nyuma. Vidole alitangulia kwa kuwa mteja alikuwa akimsubiri. Alikuwa tayari ameshaanza kuchana wakati mzee alipoingia kichwa wazi, kofia yake ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndani ya kofia kulikuwa na kinyonga.

Vidole alijikuta juu ya kiti. Hakujua amepandaje. Kitana kilibaki kichwani mwa mteja, na mteja naye alikuwa keshafika mlangoni.

"Alikuwa anavuka barabara," mzee alisema. "Magari yanakuja, yeye bado anafikiria mguu wa kutanguliza. Mama, tuna kitawi cha kumwekea? Chenye majani, tafadhali. Na maji kidogo."

Vidole akiwa bado juu ya kiti, alihesabu maneno yale moyoni. Tangu mazishi mzee hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Akateremka, akatoka nje kwenda kukata tawi la ua wa jirani.

Hivyo ndivyo kinyonga alivyopata makazi kwenye dirisha la saluni, juu ya tawi lililosimamishwa ndani ya debe la mawe. Mzee alimwita Mheshimiwa, kwa sababu ya mwendo. "Mtazame," alikuwa akisema. "Kama mtu aliyechelewa mkutanoni, na hataki ionekane amechelewa." Na wateja, ambao mwanzoni waliapa kuhama saluni, walirudi mmoja mmoja, kwanza kwa sababu vidole vile havikupatikana kwingine, pili kwa sababu ya kumwona Mheshimiwa akila. Mzee alitundika ganda la papai lililoiva karibu na dirisha. Nzi wakija, Mheshimiwa hugeuza jicho moja kwa nzi na jingine kwa mteja kwenye kiti, ulimi unatoka, chap, nzi hayupo. Benchi zima linaguna.

"Mume wangu angekuwa na ulimi wa kufika mbali hivyo," alisema mteja mmoja, "asingeinuka kamwe kwenye kochi."

Lakini nzi hawakutosha. Kila asubuhi mzee alivaa viatu akaenda kwenye nyasi nyuma ya uwanja wa mpira kutafuta panzi. Aliwahifadhi kwenye kopo la mafuta ya nywele, lililooshwa mpaka harufu ikaisha, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya kusukia. Aliwakata panzi ile miguu ya nyuma yenye miiba, wasimkwaruze koo Mheshimiwa. Maji hakuyaweka bakulini, maana kinyonga hatambui maji yaliyotulia. Aliyanyunyiza kwenye majani, na Mheshimiwa akalamba tone baada ya tone. Aliomba chupa ya kupulizia, mpya, isiyowahi kuguswa na dawa ya nywele, na akaiandika kwa kalamu nzito: SI YA VICHWA.

Na mtu anayetoka asubuhi kutafuta chakula cha mwingine, akirudi huwa na njaa. Sahani zikaanza kurudi tupu.

Basi nyumba ikatulia, kwa muda. Kisha Vidole akaanza kuona vitu vidogo. Mzee akimimina chai, nyingine inaangukia mezani. Akimtafuta Mheshimiwa kwenye tawi, anapapasa majani kwa kiganja. Akiulizwa, anasema mwanga wa leo hafifu. Siku moja, saluni imejaa, akamnyooshea Mheshimiwa kitu cha kijani kwa kibano chake cha kazi ya saa, akambembeleza, "Kula bwana, huyu mnono." Mheshimiwa alikigeuzia kitu kile jicho moja, akatazama kwingine kwa jicho la pili. Kilikuwa ni klipu ya nywele ya mtoto.

Hakuna aliyecheka. Vidole alisubiri wateja waondoke, akamwambia, "Baba, kesho tunakwenda hospitali." Mzee hakubisha.

Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alisema ni jambo la kawaida, watamfanyia upasuaji mdogo, ataona. Tatizo lilikuwa presha. Ilikuwa juu mno, na hawakuweza kumgusa mpaka ishuke. Wakasema arudi kesho yake alazwe. "Apumzike," daktari alimwambia Vidole kando. "Asipewe habari za kumshtua."

Kabla ya kwenda kulazwa, mzee alikuwa amefunga kibano chake kwenye ncha ya rula kwa uzi wa kusukia, zamu nyingi, kwa ustadi ule wa zamani ambao mikono haisahau hata macho yakisahau. "Najua unamwogopa, mama," alimwambia. "Kwa hiki mkono wako hautamkaribia."

Siku ya kwanza Vidole alikamata panzi mwenyewe, akiwa na aibu ya kuonekana uwanjani anaruka ruka na umri wake. Akamnyooshea Mheshimiwa kwa rula, uso ameugeuzia pembeni. Mheshimiwa hakula. Siku iliyofuata hakula. Akawa mweusi mweusi, na madoa ya manjano ambayo hakuwa nayo. Alizoea kukaa kwenye tawi kutwa nzima kama msimamizi, ila sasa alikuwa akishuka, anazunguka sakafuni, anakwaruza kona hii, anakwaruza kona ile, kisha anasimama hapo amechoka. Vidole alimrudisha tawini kwa ufagio, polepole, akimwomba radhi. Baada ya muda akamkuta tena chini.

Mchana alikwenda hospitali na chakula. Mzee alikuwa amekaa kitandani, amegeuzia uso mlangoni asikoona vizuri, akimsubiri.

"Mheshimiwa amekula?"

Vidole alifungua bakuli pole pole. "Panzi wapo tele, baba. Nimewakamata mwenyewe."

"Vizuri," mzee alisema. "Na yeye?"

"Yupo kwenye matembezi."

Hakusema uongo hata neno moja, lakini alitoka pale jasho linamtiririka mgongoni. Kesho yake swali likawa lile lile. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakaanza kulifuatilia. "Dada, huyo Mheshimiwa bado anasumbua kula?" mmoja aliuliza kwa huruma. "Watoto wa siku hizi. Mpeni uji."

Mume alipiga simu kutoka kituo cha mafuta cha mbali. Alisikiliza habari zote, kisha akasema, "Mtafute mwingine. Si vinyonga wote wanafanana?"

"Nimkamate nani, mimi ambaye hata huyu simgusi?" Vidole alimjibu. "Na baba akirudi anaona, nimwambie nini? Huyu ndiye aliyemwinua kitandani. Huyu akifa, baba atarudi kuutazama ukuta, na safari hii sijui tutamgeuza na nini."

"Basi omba, mke wangu. Wewe ndiye mwenye laini ya moja kwa moja."

Vidole aliomba. Alipiga magoti kwenye sakafu yake safi, akasema, "Ee Mungu, sijui kama vinyonga huombewa. Kama ni makosa, nisamehe. Lakini wewe ndiye uliyemuumba na macho yake yale mawili yasiyoelewana. Nakuomba asife mikononi mwangu." Kisha akaongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli, "Wala si mikononi, maana simshiki. Asife nyumbani mwangu."

Siku iliyofuata presha ya mzee ilikuwa imepanda tena. Muuguzi alitikisa kichwa. Mzee mwenyewe alikuwa amelala upande, na upande huo ulikuwa wa ukutani. Hakuuliza kuhusu Mheshimiwa. Kutouliza kule kulimchoma Vidole kuliko maswali yote yaliyotangulia. Alirudi nyumbani miguu mizito, akafungua saluni kwa sababu tu mteja alikuwa amekwisha fika na kukaa kizingitini.

Mteja huyo alikuwa muuza miche, mama mnene mcheshi aliyeuza mbegu za bustani akizunguka mitaani. Alikuja na karai lake kichwani, limejaa udongo mweusi na miche ya pilipili. Siku nyingine zote Vidole humwambia aliache karai nje, mbali. Siku hiyo hakuwa na moyo wa kukataza chochote. Karai likawekwa chini, katikati ya saluni, na punje za udongo zikamwagika sakafuni, na Vidole hata hakuziona.

Alikuwa amesuka nusu ya kichwa wakati muuza mkaa, aliyekuja kuchukua deni la umbea, alipoinua miguu ghafla juu ya benchi. "Anakuja," alisema.

Mheshimiwa alikuwa ameshuka. Alikuja moja kwa moja, kwa kasi ambayo kwake ilikuwa ni mbio, bila kufikiria mguu wa kutanguliza. Akalifikia karai. Akalipanda, akateleza, akalipanda tena. Vidole alikuwa ameshika nywele za mteja kwa mikono miwili na hakuweza kuziachia. Kinyonga aliingia katikati ya miche, akasimama, akaanza kuchimba. Alichimba kwa miguu ya mbele, akasukuma udongo nyuma kwa ile ya nyuma, udongo ukaruka sakafuni.

"Mungu wangu," muuza mkaa alinong'ona. "Anajichimbia kaburi."

Machozi yakamtoka Vidole. Alikuwa ameyazuia tangu siku ya kwanza, na sasa yalidondokea moja kwa moja kwenye kichwa alichokuwa akikisuka.

Muuza miche aligeuka taratibu, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama moto wa kuni. Alimtazama mnyama yule kwa muda, akainama amchunguze tumbo, kisha akaanza kutikisika. Ilikuwa ni kicheko.

"Kaburi la nani?" alisema. "Mwacheni mama wa watu, ana uchungu wa uzazi. Kila mwaka huja kunichimbia vitalu vyangu hawa. Hamkuona tumbo hilo lote? Huyu ametafuta udongo siku zote, na hapa kwako, dada yangu, udongo atautoa wapi? Umesakafia mpaka hewa."

Vidole alitazama tumbo. Kweli lilikuwa limejaa, lina vimbe vimbe pembeni kama mfuko wa karanga. Mzee hakuliona kwa sababu ya macho yake. Yeye Vidole hakuliona kwa sababu kila alipomlisha aligeuza uso. Akakumbuka jinsi maskini yule alivyokwaruza kona baada ya kona, na yeye akimrudisha kwa ufagio.

"Pole, mama," alimwambia kinyonga kwa sauti ndogo.

"Sasa Mheshimiwa ni mwanamke?" muuza mkaa aliuliza, miguu bado juu.

"Waheshimiwa wanawake wapo wengi," alisema muuza miche. "Nisuke umalize, wewe Vidole. Karai nakuachia. Miche yenyewe ameshaniharibia, na mwenye mimba halipishwi."

Saluni ilifungwa mapema siku hiyo. Mheshimiwa alichimba hadi akatoweka mzima, ukabaki mkia, kisha hata mkia haukuonekana. Vidole alifunika madirisha, akanyunyiza maji kuzunguka karai, akatembea kwa vidole vya miguu ndani ya nyumba yake. Asubuhi alimkuta nje ya shimo, amekonda, amejaa udongo mpaka kwenye kope, anafukia shimo kwa miguu iliyokuwa ikitetemeka. Alifukia mpaka pakawa sawa kabisa, akapagongagonga kwa juu. Halafu akaanza kurudi kwenye tawi lake.

Vidole alichukua ile chupa isiyo ya vichwa. Safari hii hakugeuza uso. Alipuliza, akamwona akilamba, tone, tone jingine, shingo imenyooka, macho yamefumbwa kwa raha. Alikunywa kwa muda mrefu. Kisha Vidole akashika rula yenye kibano, na kwenye kibano panzi aliyekatwa miguu kama ilivyotakiwa. Jicho moja likageuka. La pili likageuka likaungana nalo, yote mawili kwa panzi. Chap.

Vidole alikaa kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu hospitalini. Sakafu ilikuwa imetapakaa udongo, na aliuacha pale pale. Alichukua mtandio wake akatoka.

Wodini, mzee alikuwa vile vile, uso ukutani. Vidole alisogeza kiti akakaa karibu na kichwa chake.

"Baba, Mheshimiwa amekula."

Mzee hakugeuka. "Mama, usijisumbue. Siku zote hizi unaniambia panzi wapo. Panzi kuwepo si kuliwa. Nilishamzika, mimi. Nimekuwa nikijiuliza tu ulimtupa wapi."

"Hakufa. Alikuwa mjamzito. Ametaga mayai kwenye karai la muuza miche."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akainuka kwa kiwiko. "Mjukuu wenu ametaga nini?"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Vidole aliogopa, akadhani amemtia majonzi. Mzee akageuka polepole, mdomo wazi, anacheka bila sauti, kisha kwa sauti, mpaka muuguzi akaja mbio. Alicheka akapaliwa, akapigwa mgongoni, akacheka tena. "Nilikuwa namwita bwana," alisema akifuta macho. "Kula bwana, kula bwana. Kumbe ndiyo maana alikuwa ananitazama kwa jicho moja."

Siku hiyo alikula chakula chote, akaomba na cha mwenzake. Kesho yake presha ilikuwa imeshuka. Daktari aliipima mara ya pili, hakuiamini ya kwanza. Akafanyiwa jicho moja, na baada ya muda jingine.

Siku aliyorudi nyumbani, Vidole alimwandalia chai saluni, si chumbani. Mzee alikaa mbele ya dirisha, akatazama. Alitazama tawi, akatazama mkunjo wa mkia, akatazama karai lililofunikwa kwa chandarua kikuukuu, kisha akamtazama mkaza mwana wake usoni, akionekana kushangaa kidogo.

"Kumbe una mvi, mama," alisema.

"Ninazo, baba. Nyingine ni zako."

Mzee alicheka, kisha akawa mpole. "Haya macho yalianza siku nyingi," alisema. "Kabla hata sijaja hapa. Sikusema. Niliona mna mizigo ya kutosha, mtoto yuko barabarani, wewe umesimama kutwa. Nikasema nisiwe mzigo juu ya mzigo."

Vidole aliweka kikombe chini. Alikuwa amezoea kumeza maneno mbele ya mkwewe, kwa heshima. Haya hakuyameza.

"Baba, nina ombi moja tu. Huyu hana mdomo wa kusema, ndiyo maana nusura tumpoteze. Wewe unao. Siku ukijisikia vibaya, niambie siku hiyo hiyo."